Bakuli Halirudi Tupu, Hata Jangwani

Kwetu Tanga bakuli la jirani halirudi tupu. Jirani akikuletea futari, ukishakula unaliosha bakuli lake, unatia ulichonacho, maandazi mawili, mbaazi za nazi, hata ndimu za uani, ndipo unamtuma mtoto alirudishe. Mama yangu alikuwa mkali kwa jambo hili. Nikiwa na miaka kama minane nilipeleka bakuli la watu likiwa kavu, nikarudi nyumbani nikijua nimemaliza kazi. Alinishika mkono tukarudi wote hadi mlangoni kwa jirani, yeye kabeba papai. Njiani aliniambia neno moja tu: "Bakuli tupu ni kama kumwambia mtu tumemalizana."

Neno hilo lilinijia tena Septemba 2023 katika jangwa la Nevada, Marekani, nikiwa nimezama kwenye matope hadi vifundoni na bakuli la mtu mikononi.

Nilikuwa nimekwenda kwenye tamasha la sanaa linaloitwa Burning Man. Lilianza mwaka 1986 kwenye ufuko wa Baker Beach, San Francisco, pale Larry Harvey na rafiki yake Jerry James walipochoma sanamu ya mtu, ya mbao, mbele ya kundi dogo la watu. Mwaka 1990 walipozuiwa kuwasha moto ufukweni, waliipeleka sanamu yao kwenye jangwa la Black Rock, na huko ndiko liliko tamasha hadi leo. Kila mwisho wa Agosti watu kama elfu sabini wanajenga mji mahali ambapo hapakuwa na kitu. Wanakaa humo wiki moja, wanachoma sanamu ya mtu na hekalu la mbao, kisha wanabomoa kila kitu hadi usijue kama palikaa watu. Hakuna duka wala mama ntilie. Kitu utakachonunua ni barafu. Chakula, dawa, hema, maji karibu lita sita kwa mtu kwa siku, vyote unakuja navyo, na takataka zote unaondoka nazo.

Mimi naishi Sacramento, kazi yangu ni kuwahudumia wazee. Habari za tamasha hili nilizipata kazini, nikazipuuza. Tiketi mwaka ule ilikuwa dola 575, na gari nalo lina kibali chake cha kulipiwa; kwa mshahara wangu hiyo si safari ya kuamka asubuhi ukaamua. Lakini siku moja nikasikia kwamba zamani kulikuwa na mkahawa katikati ya mji ule ukiuza kahawa, na tangu 2022 wameacha kuuza. Watu elfu sabini, jangwani, na kahawa haiuzwi! Nilikaa na jambo hilo wiki nzima.

Babu yangu aliuza kahawa Ngamiani, mtaa wa Tanga mjini, miaka yote niliyomjua. Dele mkono mmoja, finjani mkono wa pili akizigonganisha, na watu wakijua kwa mlio ule kwamba ni yeye anapita. Dele lake la shaba liko kwangu. Nikamwambia rafiki yangu mmoja, Mkongo wa Bukavu tunayefanya naye kazi: twende tukafungue baraza. Mkeka, kahawa chungu, kashata, basi. Akacheka, akasema yeye atashughulika na hema. Tukaweka akiba miezi minane, na tiketi tukazipata kwa watu waliokuwa wameghairi safari.

Njia ni kupanda milima hadi Reno, kisha unaiacha barabara kuu na kushika ya 447, nyembamba, inayopita kwenye ardhi ya Wapaiute wa Pyramid Lake. Hapo wenyeji wanauza vyakula vya moto kando ya njia, na nawasihi wanaokwenda wasimame wale. Ile ni nchi yao kabla ya kuwa njia yetu. Baada ya mji mdogo wa Gerlach lami inakuishia na foleni inaanza. Tulikaa kwenye foleni ile saa nyingi. Mlangoni wageni wa mara ya kwanza wanaambiwa walale chini wagaegae vumbini, kisha wapige kengele. Tuligaagaa, tukapiga.

Vumbi lile nataka nilieleze vizuri, maana ndilo litakalokuja kutawala mambo yote. Lile jangwa ni kitako cha ziwa la kale, Lahontan, lililokauka maelfu ya miaka iliyopita. Hakuna mchanga pale kama wa ufukweni. Ni unga, mweupe, laini kama unga wa muhogo, na una magadi. Ukitembea peku ngozi ya nyayo inakauka na kupasuka, na dawa yake ni kuosha miguu kwa maji yaliyotiwa siki. Upepo ukivuma huoni hata mkono wako. Unavaa miwani ya kuziba macho na kitambaa usoni, unasimama hapo hapo ulipo mpaka upite.

Mji wenyewe umepangwa kama uso wa saa. Mitaa ya mzunguko ina majina kwa mfuatano wa herufi, na mitaa inayotoka katikati inaitwa kwa saa, kuanzia saa mbili hadi saa kumi kwa hesabu ya Kizungu. Sisi tulipangiwa karibu na 7:30. Kwetu hiyo ni saa moja na nusu, na mwenzangu naye anahesabu hivyo hivyo, lakini tulipotajiana saa mmoja aliitafsiri na mwingine hakuitafsiri, kwa hiyo siku ya kwanza tulipoteana usiku kwa sababu kila mmoja alikuwa na mtaa wake kichwani.

Usiku ule wa kwanza upepo uling'oa vigingi vyetu. Tulikuwa na vile vyembamba vya kununua pamoja na hema, na ardhi ya pale haivitambui. Tulikuwa tumeshika nguzo, kila mmoja upande wake, alipotokea mama mmoja mtu mzima kutoka hema la jirani, taa kichwani, nondo nne begani na nyundo kubwa mkononi. Hakutuuliza kitu. Alipiga nondo moja baada ya nyingine, akatufundisha kufunga kamba, akatupa mipira ya tenisi ya kuvika vichwa vya nondo tusijikwae gizani, akaenda kulala. Alikuwa na miaka kama sitini na tano, kutoka Oregon, na alishakuja mara nyingi mpaka hakuzihesabu tena. Mimi siwezi kumwita mtu wa umri ule kwa jina lake, nikamwita Mama. Naye akaitikia.

Asubuhi nikapika kahawa ya kwanza. Buni nilikaanga mwenyewe nyumbani na kuitwanga na tangawizi kavu. Dele likawekwa juu ya jiko dogo la gesi, na harufu ile ikaniweka Ngamiani moja kwa moja. Nikampelekea Mama finjani na vipande viwili vya kashata ya karanga. Alikunywa, akafumba macho, akasifu. Kisha akaniambia kwa upole kabisa: "Lakini hukuhitaji kunilipa."

Lilinichoma neno lile. Mwaka 2004 Larry Harvey aliandika kanuni kumi za tamasha, na ya kutoa zawadi ni mojawapo ya zile za juu. Inasema zawadi haina masharti, wala mtoaji hatarajii kurudishiwa chenye thamani sawa. Wazee wa pale wanailinda kanuni hii kwa wivu, na nawaelewa. Wametoka kwenye maisha ambayo kila kitu kina bei, wanataka angalau wiki moja mkono utoe bila kuhesabu. Mama aliiona kashata yangu kama bei ya nondo zake. Sikuwa na Kiingereza cha kumweleza. Nikarudi kwenye mkeka wangu na finjani tupu.

Siku zile za mwanzo baraza lilikuwa linachangamka alasiri. Watu walifika, wakashangaa kuona dele, wakapokea finjani. Ila hawakukaa. Mji ule ni mkubwa na kila kona ina kitu: magari yaliyogeuzwa samaki na joka, sanamu za chuma zinazotema moto, muziki usiku kucha. Kila mtu yuko juu ya baiskeli na anaogopa asichokiona kitampita. Wanakunywa wakiwa wamesimama, wanakukumbatia, wanakwenda. Kahawa chungu haitaki hivyo. Babu alikuwa akisema finjani ya kwanza ni ya koo, ya pili ni ya maneno.

Jambo moja nilijifunza hapo, dogo, lakini limebadilisha mkono wangu. Sisi tukimaliza kahawa tunarusha mashapo chini, ni ada. Nilifanya hivyo mara ya kwanza na kijana mmoja akainama, akaokota lile tope jeusi kwa kijiko pamoja na udongo wake, akalitia kwenye mfuko wake. Hakunikaripia. Aliniambia kwamba pale hata maji ya kuoshea kikombe hayamwagwi. Tangu siku ile nilikuwa na ndoo mbili zenye vifuniko, moja ya mashapo, moja ya maji machafu, na nilizirudisha zote Sacramento. Makombo ya kashata tuliyaokota moja moja kwenye ukili kabla ya kukunja mkeka. Nikifikiria mitaro ya Ngamiani na mifuko tunayoitupa, naona haya, na naona tunaweza.

Alhamisi nilikwenda kwenye hekalu. Nilikwenda nikiwa na kinyongo, nakiri, kwa sababu kuchoma mbao nzima ni jambo linalomuuma mtu aliyekulia mahali ambapo mlango wa mninga unarithiwa. Hekalu hujengwa upya kila mwaka. La kwanza lilijengwa mwaka 2000 na David Best na wenzake. Walikuwa na msiba, rafiki yao kafa kwa pikipiki, na watu walipoona wanaandika jina lake kwenye mbao wakaanza kuandika majina ya wafu wao. Hivyo likawa hekalu bila kukusudiwa. Sasa kila ubao umejaa. Nilisoma barua ya mtoto kwa baba yake, nikaona jozi ya viatu vya mazoezi vilivyofungwa kamba kwa kamba, picha za mbwa, kipande cha karatasi kilichoandikwa neno "samahani" tu. Maelfu ya watu mle ndani na hakuna anayeongea. Mwanamume mkubwa, michoro mwili mzima, alikuwa analia kwa sauti na mtu asiyemjua amemwekea mkono mgongoni. Kinyongo changu kikaisha. Nilikaa pembeni nikamsomea Babu Fatiha, polepole, nikatoka. Sikuandika jina lake. Hilo ningeona zito. Lakini nilielewa kwa nini wenzangu wanataka moto uwachukulie.

Ijumaa, Septemba 1, mvua ikaanza.

Kwa kipimo haikuwa mvua ya kuogopwa. Haikufika hata sentimita tatu kwa siku zote zile. Masika ya Tanga yanamwaga zaidi ya hapo kati ya chai na chakula cha mchana. Lakini unga wa muhogo ukitiwa maji unakuwa nini? Jangwa lote likageuka bada. Ukikanyaga, kiatu kinabeba kilo mbili. Ukikanyaga tena, kinabeba nne. Hatua ya tano mguu unatoka, kiatu kinabaki. Magurudumu ya baiskeli yalijaa yakagoma kuzunguka. Mwenzangu alisimama mlangoni mwa hema akitazama, akasema, "Hii budongo inapenda batu, haitaki tuende." Milango ya mji ilifungwa, magari yakapigwa marufuku kutembea, redio ikatangaza watu wabane maji na chakula. Magari ya kunyonya vyoo nayo hayakuweza kupita, na hilo ndilo lililotia watu hofu kuliko njaa.

Dunia nje ilikuwa inatuhesabu kama watu waliokwama. Simu zilikuwa hazishiki, kwa hiyo hatukujua tunavyosemwa. Nasema nilichokiona mtaani kwetu. Walikuja watu wenye soksi juu ya viatu, maana soksi hazishiki matope kama soli, wakipita hema kwa hema: nani ana dawa ya kisukari inayotaka barafu, nani hema limelala, nani amebaki peke yake. Tukahamisha familia moja ikalala kwenye gari letu. Jioni ya Jumamosi, baridi kali, Mama alitokea na mifuko ya plastiki miguuni, anatembea kama kuku aliyefungwa kamba, na bakuli mkononi limefunikwa kwa sahani. Supu ya dengu, moto.

Bakuli lilikuwa la bati, la buluu, ukingo mweupe, limemeguka kidogo kwenye kitako. Lile lile. Kila nyumba niliyoijua utotoni ilikuwa na bakuli kama lile.

Tulikula. Nikaliosha kwa maji ya kunyunyiza, kidogo, maji yale machafu ndooni. Kisha nikakaa nalo. Nikirudisha tupu, mama yangu ananiona. Nikirudisha na kitu, huyu atasema namlipa. Mwishoni nikalijaza kashata zote nilizobakiza isipokuwa nne, nikavaa mifuko yangu, nikaenda. Hatua kama arubaini. Zilinichukua robo saa.

Nilimwambia kabla hajasema kitu. Nikamweleza habari ya papai na mlango wa jirani. Nikamwambia kwamba kulipa ni kumaliza, na sisi bakuli tunalirudisha na kitu ili lisiishe. Mtu akilipa deni mnaachana. Akirudisha bakuli lenye kitu, sasa deni limehamia kwako, utarudisha tena, na hivyo mtajuana mpaka mzeeke. Sikuwahi kulisema jambo hili kwa maneno maisha yangu yote, wala sidhani mama yangu angelisema hivyo. Ilinibidi niwe kwenye matope ya watu wengine ndipo nilijue.

Mama alinyamaza, bakuli mapajani. Akaniambia kwamba kwao, alikokulia shambani, bibi yake alifanya hivyo kwa sahani za keki, naye alikuwa amesahau.

Jumapili asubuhi bakuli lilikuja na zeituni na nusu ya limao. Mchana likaenda na wali wa nazi, nazi ya kopo, lakini wali. Jioni likarudi na vitafunwa vya tangawizi. Na ilikuwa siku hiyo, mvua ikinyesha tena, ndipo baraza lilipokuwa baraza. Baiskeli hazitembei, muziki umezimwa karibu kote, hakuna pa kukimbilia. Watu kumi na wawili walikaa chini ya turubai letu, wengine juu ya ndoo, na finjani ya pili ikazunguka, na ya tatu. Mmoja alikuwa mhandisi ambaye mkewe alikuwa amemwacha mwezi ule. Mwingine alikuwa bibi arusi. Harusi yake ilipangwa siku ile ile, akaolewa akiwa na mifuko miguuni. Mwenzangu alihadithia namna alivyovuka ziwa Kivu na dada yake, hadithi ambayo mimi, niliyefanya naye kazi miaka minne, nilikuwa sijaisikia. Nilimimina kahawa, nikanyamaza.

Naziheshimu kanuni zao. Ila hii ya zawadi, kwa maoni yangu, imeona nusu. Kutoa bila kungoja ni jambo kubwa, na nililiona kwa macho. Kupokea na kukubali kwamba sasa umefungamana na mtu, hilo nalo ni kubwa, na ni gumu zaidi kwa watu waliozoea kujitosheleza. Wengi waliweza kunipa bangili, pipi, kofia. Wachache waliweza kukaa wahudumiwe finjani ya pili.

Jumatatu jua likatoka, ardhi ikaanza kukauka na kupasuka kama ngozi ya mamba, na saa nane mchana magari yakaruhusiwa. Usiku wakachoma sanamu ya mtu, iliyokuwa ichomwe Jumamosi. Nilitazama kutoka mbali, moto ukipanda na watu wakipiga kelele za furaha, nzuri kweli. Hekalu liliahirishwa hadi Jumanne usiku na sisi tulikuwa na zamu kazini, hatukulisubiri.

Jumanne alfajiri tulikuwa tunasukuma gari la kijana mmoja lililonasa mtaa wa tatu. Tuliporudi, mahali pa hema la Mama palikuwa peupe, pamefagiliwa, hata kigingi kimoja hakuna. Ametoka na foleni ya usiku. Kwenye mkeka wetu, katikati, palikuwa na bakuli la buluu, limejaa lozi na zabibu kavu, na juu yake mpira mmoja wa tenisi ili upepo usipeperushe kitambaa.

Hakuacha anwani wala simu. Ninachojua ni jina lake la kwanza, jimbo lake, na mtaa aliopenda kupiga hema.

Bakuli liko kabatini kwangu, peke yake kwenye rafu. Pale lilipomeguka pana vumbi jeupe ambalo siki haijalitoa. Sijarudi tangu mwaka ule. Kazi za zamu, na kodi ya nyumba imepanda. Lakini akiba imeanza tena, ya tiketi mbili, na mwenzangu ameshanunua nondo. Karanga nitazikaanga mwenyewe, siku moja kabla ya safari, ili kashata ifike ikiwa bado inavunjika vizuri.